Madaraja ya Matofali na Mkoba wa Mama Ruthi

Namshukuru Mungu Baba aliyenivusha maji makuu nikiwa mzee wa magoti mabovu, akanilisha ugenini, akanilaza salama, na akanionyesha jambo ambalo sikuwa nimeomba kuliona. Sifa ni zake peke yake. Ninawaandikia, mimi mchungaji wenu, ninyi washarika wenzangu wa Kilolo, mlionisimamisha mbele ya madhabahu siku ya kuondoka, mkaniombea, mkasema nikirudi nisifiche kitu. Mambo ya huku ni mengi na karatasi haiyatoshi. Nitasimulia siku moja tu, siku niliyotembea kando ya mfereji wa zamani wenye madaraja ya matofali, kwa sababu tangu siku hiyo nikishika kalamu mkono bado unasita.

Mnajua kilichonitoa nyumbani. Binti yangu Neema, muuguzi, alijifungua, na mama yake ametangulia kwa Bwana, kwa hiyo nikaja mimi, babu, kumshika mtoto. Wanakaa Maple Grove, kaskazini-magharibi mwa jiji la Minneapolis. Mkwe wangu Otieno ni Mkenya, mtu wa utani na moyo mweupe. Wajukuu wakubwa nawasemesha Kiswahili, wananielewa vizuri kabisa, na wananijibu Kiingereza.

Jioni moja Neema alikuwa jikoni anakoroga uji wa uzazi, akasema bila kunitazama, "Baba, kuna mama mmoja anaitwa Ruthi, anakaa Roseville. Ni muuguzi mstaafu. Nilipofika huku sijui hata kuwasha gari, yeye ndiye aliyenishika mkono na kunifundisha kazi. Sasa ni mjane. Mume wake, Harodi, alifariki wakati wa theluji."

"Pole yake. Na sasa majani yanapukutika," nikasema. "Ni miezi mingi."

"Ndiyo, Baba. Na tangu siku hiyo hajafanyiwa sala hata moja. Kanisa lao dogo lilifungwa kwa kukosa watu, mchungaji akahamia mbali. Anaomba uende naye ukamwombee mume wake kule kwenye mfereji, penye madaraja ya matofali. Harodi alikuwa mwashi, ndiye aliyekuwa akiyatengeneza. Mama Ruthi amejaribu kwenda peke yake zaidi ya mara moja, akashindwa, akarudi nyumbani."

Ndugu zangu, niliduwaa. Kanisa kufungwa kwa kukosa watu! Mtu kufa, na miezi yote hiyo asisomewe neno! Nikasema nitakwenda, hata kama ni kwa kutambaa. Kisha nikauliza kama kaburi liko kando ya huo mfereji.

Neema akaongeza maji kwenye uji ambao haukuhitaji maji. "Tutaona tukifika, Baba."

"Basi nitafutie jembe dogo. Tangu wakati wa theluji, majani yatakuwa yameshafunika kila kitu. Huwezi kumwombea mtu juu ya vichaka."

"Jembe, Baba? Utembee huku na jembe begani? Watu watapiga simu polisi!"

Otieno alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee wangu, acha jembe. Beba tu ile Biblia, hiyo hawaogopi."

Jumamosi asubuhi, Otieno alituendesha mpaka nje ya mji, mahali ambapo nyumba zinaisha na mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa yanaanza. Kitoto, ndivyo tunavyomwita mchanga wetu, alikuwa amenyonya na kulala, naye Otieno akasema, "Mimi nita-drop nyinyi hapa, nirudi na huyu bosi mdogo. Mkimaliza mnipigie. Na Mzee, tembea pole pole, hakuna mtu anatufukuza."

Mama Ruthi alikuwa ameshafika. Alisimama kando ya gari lake dogo la bluu, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, amevaa koti jekundu. Kifuani alikumbatia mkoba wa mgongoni, mikono yote miwili chini yake, kama mtu aliyebeba mtoto.

Nilimpa mkono kwa heshima, nikamwambia pole. Kiingereza changu ni kile cha chuo cha theolojia, ni cha kusoma zaidi kuliko cha kusema, kwa hiyo Neema alikuwa akinitafsiria. Kisha nikafanya jambo ambalo kila mmoja wenu angelifanya bila kufikiri. Nilinyoosha mikono nikampokea mzigo.

Hakuuachia mara moja. Alimtazama Neema, akanitazama mimi, macho yakamjaa machozi.

"Una hakika?" akauliza.

"Mama," nikasema, "kwetu mtu hatembei na mzigo wakati mwenzake yuko mikono mitupu. Mpe mzee kazi."

Neema alifungua mdomo, akaufunga. Halafu akatafsiri. Mama Ruthi akauachia mkoba pole pole, akanisaidia kuuvaa, akaniwekea mikanda sawasawa mabegani, akaupigapiga kidogo kwa kiganja. Ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana. Nikawaza ni chakula, na pengine mshumaa na shada la kuweka kaburini. Nikashangaa mama wa watu analia kwa kupokelewa mzigo. Nikasema moyoni, nchi hii watu wamezoea kujibebea wenyewe.

Njia yenyewe ni pana na safi, imepita ukingoni mwa maji. Mama Ruthi alitueleza kwamba zamani mfereji ule ulichimbwa kupeleka nafaka kwenye kinu, na pale tulipokanyaga sisi walikanyaga farasi, wakivuta mashua kwa kamba. Sasa kinu hakipo na mashua hazipo. Wapo watu wanaokimbia bila kufukuzwa, wenye baiskeli, na mbwa mmoja aliyevalishwa koti zuri kuliko langu. Kila anayepita anatupa salamu ya neno moja na hasimami. Mimi nilizoea kusimama. Kila mara nilipogeuka kuuliza habari za nyumbani, mtu alikuwa ameshafika mbali.

Daraja la kwanza lilitokea ghafla baada ya kona. Ni tao moja la matofali mekundu yaliyogeuka rangi ya kahawa kwa umri, limejikunja juu ya maji kama mgongo wa ng'ombe anayeinuka. Halina nondo wala nguzo katikati. Matofali yamesimamishwa kwa ubavu, yamekazana yenyewe kwa yenyewe. Kwenye pembe ya chini niliona mifereji myembamba iliyochimbika ndani ya tofali, laini kama ukingo wa kisima. Mama Ruthi alitia kidole mle.

"Hizi ni alama za kamba za farasi," akasema. "Miaka na miaka ya kamba. Harodi alikataa kuziziba. Wakubwa walitaka ukuta uwe mpya, yeye akawaambia, mkiziba hapa nami nimeacha kazi."

"Wakaziba?" nikauliza.

"Unaona mwenyewe hawakuziba."

Akacheka kidogo. Nilipenda kumsikia akicheka, nikajua safari yetu itakwenda vizuri.

Kwenye daraja la pili tulipumzika. Kuna nyasi fupi pale na mti uliokuwa ukimwaga majani mekundu majini. Neema alitoa chupa ya chai na maandazi. Hapakuwa na meza, nami sipendi chakula kikae chini, kwa hiyo nilivua mkoba, nikaulaza vizuri kwenye nyasi, nikatandika kitambaa juu yake, nikapanga maandazi na vikombe. Mama Ruthi alinitazama kwa mshangao, halafu uso wake ukalainika.

"Harodi angefurahi sana," akasema.

"Alipenda maandazi?" nikauliza.

"Hakuwahi kuyaonja. Lakini angefurahi."

Neema akapaliwa na chai.

Tulipoinuka, mazungumzo yalinoga. Nilimweleza Mama Ruthi jinsi tulivyojenga kanisa letu, jinsi akina mama walivyopanda mlima na ndoo za maji vichwani, jinsi tulivyofyatua matofali, tukapanga tanuru, tukalichoma siku nzima na usiku wake, na vijana wakagombea nani alinde moto. Naye akanieleza kwamba Harodi hakukubali tofali jipya kwenye daraja la zamani. Alitafuta matofali ya majengo yaliyobomolewa, akayakwangua chokaa kwa mkono, na kila moja aliligonga kwa nyundo na kulisikiliza. Nilisimama pale njiani. Hivyo ndivyo tunavyofanya na sisi! Lililoiva hulia kama kengele, na bichi hulia kama kibuyu. Nilimwambia Neema, "Mwambie mama huyu kwamba mume wake na mimi tungeelewana bila mkalimani." Nikaona kama ninamjua yule mtu. Nikawa natembea huku namfikiria, na mkoba unanigonga mgongoni kila hatua.

Daraja la tatu ndilo kubwa kuliko yote, na chini ya tao lake sauti inarudi. Hapo magoti yalianza kunikumbusha umri wangu. Nikauliza, kwa Kiingereza changu mwenyewe safari hii, "Mama, kaburi bado liko mbali?"

Mama Ruthi akasimama. "Kaburi gani?"

"La Bwana Harodi."

Akamgeukia Neema. Neema alikuwa akiangalia maji kama mtu anayetafuta samaki.

"Neema," akasema Mama Ruthi taratibu, "hujamwambia baba yako?"

Basi yule mama akanisogelea, akaniwekea mkono begani, akasema maneno niliyoyaelewa yote bila kutafsiriwa, na natamani nisingeyaelewa.

"Baba Mchungaji, Harodi yuko mgongoni kwako."

Ndugu zangu, mimi nimesimama mbele ya majeneza mengi. Nimeosha maiti, nimezika watoto, nimeingia makaburi yenye maji. Sijawahi kushtuka namna ile. Niliketi kwenye ukuta wa daraja, nikiwa nimekaza mgongo kama mtu mwenye nyoka nguoni. Nilitaka kuuvua mkoba, nikaogopa kuutupa. Nilitaka kuuacha, nikaogopa kuendelea kuwa nao. Kisha nikayakumbuka maandazi. Nikaziba uso kwa mikono yote miwili.

"Alichomwa," nikasema kwa Kiswahili. "Neema, walimchoma huyu mtu?"

"Ndiyo, Baba. Huku wengi wanafanya hivyo. Aliusia mwenyewe. Majivu yake yamwagwe kwenye maji, yapite chini ya madaraja yake. Mama Ruthi ameomba ruhusa, amepewa."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ukanyamaza!"

"Ningekuambia usingekuja, Baba. Ungeniambia mambo ya udongo mpaka asubuhi."

"Kwa hiyo ukaona unibebeshe!"

"Sikukubebesha! Ulimpokea mwenyewe! Umemnyang'anya mama wa watu kutoka kifuani, mimi ningesema nini? Yeye alifikiri unajua. Alifikiri mchungaji wa Afrika ameamua kumbeba marehemu kwa heshima. Umeona alivyolia?"

"Nimemtandikia kitambaa, Neema. Nimenywea chai juu yake."

Hapo binti yangu akajitahidi asicheke, akashindwa, na kicheko kikageuka kilio. Nami sikujua nimkemee au nimshike.

Kwetu maiti hupewa udongo. Mtu huchimbiwa, hushushwa, hufunikwa, na kila aliyempenda hutupa konzi yake ya udongo, na baadaye watoto huonyeshwa mahali. Moto kwetu ni wa matofali na wa kupikia. Na bado kuna jambo lilinijia nikiwa pale ukutani, likanishtua kuliko mkoba wenyewe. Maneno ya maziko ninayoyasema kila mara, yale ya mavumbi, yanataja na majivu. Nimeyasema ujana wangu na uzee wangu, nikilitamka neno hilo bila hata mara moja kujiuliza ni majivu ya nani. Siku hiyo yalikuwa mgongoni kwangu.

Mama Ruthi aliuona uso wangu. Alikuja, akafungua mikanda, akanivua mkoba kwa upole, akauvaa yeye.

"Usijali," akasema. "Sikutaka kukuumiza. Imani yako ni imani yako. Nitamrudisha nyumbani. Ana mahali pake kwenye kabati, amezoea. Mimi pia nimezoea."

Akageuka, akaanza kurudi tulikotoka.

Niliutazama mgongo wake. Koti jekundu, mkoba mweusi, nywele nyeupe. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa anatembea kama mtu aliyefuata kitu dukani akakuta wamefunga. Na ndipo nilipoona vizuri kinachotaka kutokea. Msafara wa maziko umeshatoka nyumbani, umeshapita madaraja mawili, na sasa marehemu anarudishwa. Nani kati yenu amewahi kuona jeneza likirudishwa nyumbani kutoka njiani? Mvua inyeshe, kaburi lijae maji, ndugu wagombane, tunasimama, tunangoja, tunachota maji, tunapatana. Haturudi naye. Hata wazee wasiojua kusoma wangenizuia njia kwa fimbo zao.

"Mama Ruthi!" nikaita, na tao likairudisha sauti yangu. "Huko nyuma haturudi!"

Akasimama. Neema akamkimbilia, akimtafsiria huku anahema.

Nilimfuata nikasema, "Kwetu marehemu akishatolewa hakuna kumrudisha. Nimeshtuka, na bado nimeshtuka, sitakudanganya. Lakini kushtuka kwangu si sababu ya Harodi kurudi kabatini. Nipe nimbebe. Sasa najua ninambeba nani."

Alisita zaidi kuliko asubuhi. Akanipa.

Safari hii sikuuvaa mgongoni. Niliukumbatia kifuani, nikatangulia mbele, kama mchungaji anavyotangulia, Mama Ruthi nyuma yangu, Neema amemshika kiuno. Nikaanzisha wimbo wa maziko, ule tunaouimba tukishuka kwenda makaburini. Neema akapokea sauti ya pili aliyofundishwa na mama yake. Mama Ruthi hakujua maneno, akawa anafuata kwa kuvumisha sauti kooni. Mtu mmoja wa baiskeli alikuja kwa kasi, akatusikia, akashuka, akavua kofia yake ngumu, akasimama kando mpaka tukapita. Hakuna aliyemwambia.

Tulipita daraja la nne tukiimba, hatukusimama.

Daraja la mwisho ni dogo na limejificha kwenye miti. Kuna ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini, juu kidogo ya daraja, mahali ambapo maji yanaelekea chini ya tao. Hapo mambo yakawa magumu tena, maana Mama Ruthi alipofika ngazi ya mwisho alikaa, akakataa kuinuka.

"Hapa ndipo ninaposhindwa kila mara," akasema. "Nikimwaga, nitakuwa sina kitu."

Neema alipotafsiri, hofu yake ikawa yangu pia. Nikamuuliza, "Na mtu wa ukoo akija siku moja, atauliza Harodi yuko wapi. Utamwonyesha nini? Kwenye maji hakuna alama."

Aliinua kichwa, akaelekeza kidole juu kwenye tao. Matofali ya upande wa kulia yalikuwa na rangi tofauti kidogo, yamepangwa na mtu aliyekuwa na subira.

"Nitamwonyesha pale," akasema. "Upande ule wote ni mikono yake."

Nikatazama. Kisha nikafungua Biblia.

Nilisoma zaburi, nikaomba, Neema akitafsiri mpaka nikafika mahali alipoacha kutafsiri kwa machozi na Mama Ruthi akasema aache tu, anaelewa. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya Harodi, nikimtaja kwa jina, kwa kazi ya mikono yake, kwa masikio yake yaliyosikiliza matofali. Kisha nikamwambia Mama Ruthi desturi yetu, kwamba mjane hatupi udongo wa kwanza. Mchungaji huanza, wengine hufuata, ili yeye asiwe peke yake katika jambo lile.

Akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na sanduku la mbao, na ndani ya sanduku mfuko. Nikasema jina la Bwana, nikaingiza mkono.

Nilitegemea majivu ya jikoni, mepesi. Sivyo. Ni kama mchanga wa mtoni, una chembe, una uzito. Niliposhika, karibu niachie. Nikayasema yale maneno ya maziko, yote, na neno la majivu nikalisema taratibu. Nikafungua kiganja juu ya maji. Neema akafuata. Halafu tukamshika Mama Ruthi kila mmoja upande wake. Alichukua konzi yake, akakaa nayo muda mrefu, midomo ikimcheza. Alipofungua mkono, wingu la kijivu lilitanda majini, likajinyoosha, likaingia chini ya tao. Baada ya hapo hakusita tena. Alimimina yote yeye mwenyewe.

Tukanawa mikono palepale kwenye mfereji, kama tunavyonawa kwetu.

"Kisha?" akauliza Mama Ruthi, akijikausha kwa koti. "Kwenu baada ya hapa watu hufanya nini?"

"Hurudi nyumbani kwa mfiwa," nikasema. "Leo nani analala kwako?"

Hakuelewa. Neema akarudia.

"Kwangu? Hakuna mtu. Nani alale kwangu?"

"Na siku alipofariki?"

"Siku alipofariki nilirudi kutoka hospitali, nikapika yai, nikazima taa."

Washarika wenzangu, siku ile nilishtuka mara nyingi, lakini hapa kuliko kote. Yai moja. Neema hakungoja nimwambie. Alishapanda ngazi, simu sikioni, nami nikasikia akimwambia Otieno, "Baba Kitoto, kuna msiba. Ndiyo, kwetu. Nyumbani kwetu. Waambie watu."

Tulirudi kwa miguu hadi mwanzo wa njia, na alasiri tuliingia Maple Grove katika gari la Mama Ruthi, Neema akiendesha. Magari yalikuwa yamejaa pande zote za barabara mpaka kwa majirani. Viatu vilitapakaa mlangoni, na harufu ya pilau ilifika nje. Mama Ruthi akarudi nyuma hatua moja.

"Kuna sherehe? Naomba mnirudishe, sijavaa vizuri."

"Si sherehe, Mama," Neema akamwambia. "Ni msiba wako."

Ndani, makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani. Godoro lilitandikwa katikati ya sebule, na akina mama waliojifunga kanga waliketi chini kulizunguka. Bi Salma, Mwislamu wa kwetu Tanzania, mzaliwa wa Tanga, alikuwa ametoka Saint Paul na sufuria kubwa ya pilau, akawa ameshika jiko la watu kama lake. Wakenya walikuwa wanasonga ugali. Wanaume walikuwa uani wanapanga viti, Otieno amembeba Kitoto kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono mwingine. Wakamketisha Mama Ruthi kwenye godoro, wakamvua viatu, mmoja akamfunika kanga mabegani. Wakaanza kuja, mmoja mmoja, kumshika mkono. "Pole, Mama." "Pole sana." "Pole na msiba."

Alimvuta Neema karibu. "Nijibu nini?"

"Unasema, nimeshapoa."

"Lakini sijapoa."

"Ni hivyo hivyo, Mama. Hakuna anayepoa. Unasema tu."

Akasema. Kisha akanitafuta kwa macho, akaniuliza kwa sauti iliyosikika chumba kizima, "Hawa watu wote walimjua Harodi?"

"Hapana," nikamjibu. "Hakuna hata mmoja."

Alituangalia wote, uso kwa uso, mdomo wazi. Nadhani ndivyo nilivyokuwa mimi pale darajani. Bi Salma akatoka jikoni akifuta mikono, akajikunja akaketi mbele yake juu ya zulia, akasema, "Basi tuelezee, dada. Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama Ruthi akavuta kanga vizuri mabegani, akaanza. "Alikuwa mwashi," akasema, na Neema akatafsiri. "Alikuwa mbishi sana." Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, akaendelea, na hakuna aliyetazama saa.

Mtaniuliza nimejifunza nini. Juu ya moto na udongo sijapata mwisho wake, nitawauliza wenzangu wachungaji, na pengine wao pia watanyamaza. Jambo moja nalijua: kwa miezi yote ile yule mama hakukosa kaburi. Alikosa watu wa kumsindikiza.

Wewe unayesoma haya, Bwana akulinde utokapo na uingiapo. Akupe kazi ya mikono itakayodumu baada yako, na siku msiba utakapobisha mlangoni kwako, usikukute peke yako. Amina.